Faili Lipo, Sauti Haipo: Kabla Hujasakinisha Kodeki Kwenye Kompyuta Kuukuu

Mwalimu wetu wa kwaya alifika na kompyuta yake juu ya bodaboda, lile sanduku ambalo watu wengi hulitaja kama CPU, Pentium 4 iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida: "Kijana wangu, hii imekuwa bubu. Nyimbo zimo, ila haziimbi." Nilipoiwasha nikakuta vifurushi vinne vya kodeki vimesakinishwa humo, kila kimoja na fundi wake. Mafundi wote wanne walikuwa wametoa dawa, na hakuna aliyempima mgonjwa.

Kodeki ni kipande cha programu kinachokunjua sauti iliyobanwa. Sauti ya CD isiyobanwa hula takriban MB 10 kwa kila dakika. Dakika hiyohiyo ikibanwa kuwa MP3 ya kbps 128 inashuka hadi karibu MB 1. Anayefumua ukili lazima ajue ulivyosukwa, na kompyuta ni hivyo hivyo: kila msuko una mfumuaji wake. Windows XP ilitoka mwaka 2001. Opus, ambayo ndiyo inayobeba sauti unazorekodi kwenye WhatsApp, ilipitishwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. XP isingeweza kuijua hata ingetaka.

Kwa hiyo ni kweli kwamba mara nyingine kodeki ndiyo inayokosekana. Lakini kwa kompyuta ninazoletewa, zaidi ya nusu ya "tatizo la kodeki" huwa ni kitu kingine kabisa. Tuanze na dalili.

Kimya kabisa

Usiguse wimbo wowote bado. Fungua folda ya C:\WINDOWS\Media ubofye tada.wav au ding.wav. Mafaili hayo hayajabanwa, hayahitaji kodeki ya mtu yeyote. Yakilia, kadi ya sauti, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi hiyo) na spika ni vizima, ruka uende kwenye dalili inayofuata. Yasipolia, acha kabisa kufikiria kodeki, kwa sababu hata ukisakinisha kumi hutasikia kitu.

Hapo angalia mambo ya kawaida, tena kwa mpangilio wa aibu: waya wa spika umechomekwa tundu la kijani au la maikrofoni? Ile spika ndogo karibu na saa ina alama nyekundu? Kisha ingia Device Manager. Kwenye XP, ukiona alama ya swali ya njano pembeni ya maneno Multimedia Audio Controller, draiva ya sauti haipo. Hili hutokea sana pale fundi anapopiga Windows upya halafu akasahau CD ya ubao mama. Na kama Windows Media Player inakupa namba C00D11BA, yenyewe inakuambia kuwa shida iko kwenye kifaa cha sauti, haihusu faili. Namba hizo ndefu watu huzifunga bila kuzisoma, na ndizo zenye habari.

Tada inalia, wimbo unakataa

Hapa namba huwa C00D1199 au C00D10D1, pamoja na maelezo kwamba aina ya faili au kodeki yake haitambuliki. Sasa unaweza kushuku kodeki. Ila swali linalotangulia ni hili: ndani ya faili kuna nini? Jina linaweza kusema .mp3 na ndani mwake mkawa na kitu kingine.

Kwanza ondoa pazia. Fungua My Computer, nenda Tools, Folder Options, View, kisha toa tiki kwenye Hide extensions for known file types. Windows huja ikiwa imeficha herufi za mwisho wa majina, na hapo ndipo virusi vya flashi vilipopata riziki kwa miaka mingi: unaona wimbo.mp3, kumbe ni wimbo.mp3.exe.

Pili, fungua faili kwa Notepad. Ndiyo, Notepad. Utaona takataka ukurasa mzima, lakini wewe unataka herufi chache za mwanzo tu. MP3 huanza na ID3, au ikikosa lebo huanza na ÿû. FLAC huanza na fLaC, kwa herufi kubwa na ndogo hivyo hivyo. OggS ni familia ya Ogg. Sogeza jicho mbele kidogo, ukikuta OpusHead hiyo ni Opus, ukikuta vorbis ni Vorbis. M4A huonyesha ftyp baada ya herufi chache. Rekodi za simu za zamani, zile za Nokia za kitufe, huanza na #!AMR. WMA huanza na 0&²u, na WAV ina RIFF mwanzoni na WAVE mbele yake. Ukikuta ÿñ, hiyo ni AAC mbichi isiyo na ganda, yaani umbo la faili linaloibeba sauti. Kwenye Windows 98 Notepad italalamika kuwa faili ni kubwa mno na kutaka kutumia WordPad, kubali. Ukimaliza funga bila kuhifadhi, la sivyo umeliua faili.

Kuna herufi mbili za kuogopa: MZ. Hizo ni za programu. Wimbo unaoanza na MZ si wimbo, ufute. Na ukikuta <!DOCTYPE html, basi ulichopakua ni ukurasa wa tovuti uliojivika jina la wimbo, kwa kawaida ukurasa wa kukutaka uingie kwanza au wa kukwambia bando limekwisha. Hapo ukubwa pia hujieleza: kwa kbps 128, kila sekunde ni KB 16, kwa hiyo wimbo wa dakika nne hauwezi kuwa na KB 40.

Mafaili ya mwalimu yalikuwa 43, yote yakiitwa .mp3. Notepad ikaonyesha OggS, halafu OpusHead. Zilikuwa sauti za mazoezi zilizorekodiwa WhatsApp, zikahamishwa kwa flashi, na mjukuu wake akabadilisha majina kutoka .opus kwenda .mp3 akiamini jina ndilo linalobadilisha faili. Kubadilisha jina la mbuzi ukamwita ng'ombe hakumwongezei maziwa.

Kodeki imesakinishwa, programu bado haiioni

Hili ndilo fumbo linalowachosha watu wengi. Windows Media Player hukopa kodeki za mfumo; ikikutana na sauti iliyobanwa, huuliza Windows kama kuna anayejua kuifumua. VLC, kichezeshi kingine, haiulizi mtu, imekuja na mafundi wake ndani. Winamp nayo ina viungo vyake. Matokeo yake: kusakinisha VLC hakuisaidii Windows Media Player hata kidogo, na kumwaga kifurushi cha kodeki kwenye mfumo hakuigusi VLC. Nimeona mtu akisakinisha kodeki mara tatu huku anafungulia VLC ileile ya mwaka 2008. Alichohitaji ni VLC mpya zaidi, kwa kuwa Opus iliingia VLC kuanzia toleo 2.0.4.

Isitoshe, Windows ina rafu mbili za kodeki. Ya zamani ni ACM, na unaiona kwenye XP kwa kufungua Control Panel, Sounds and Audio Devices, kichupo cha Hardware, kisha Audio Codecs. Ya pili ni DirectShow, ambayo mafaili yake huishia na .ax na haionekani kwenye orodha hiyo. Vifurushi vingi huweka vitu vyao kwenye rafu hii ya pili. Ukifungua orodha ya ACM usikute ulichosakinisha jana, usidhani hakikuingia. Kwenye Windows za biti 64 kuna mtego mwingine: kodeki ya biti 32 haionwi na programu ya biti 64, wala kinyume chake.

Ushauri wangu kwa XP ni mfupi: ukiwa na Service Pack 3 (mkupuo wa tatu wa marekebisho ya XP), weka VLC ya mfululizo wa 3.0, na utakuwa umemaliza na MP3, AAC, Vorbis, FLAC, Opus, WMA na AMR kwa mpigo. Service Pack unaiona kwa kubofya My Computer kwa kitufe cha kulia, kisha Properties. Kama ni lazima Windows Media Player yenyewe icheze, tumia kifurushi kimoja tu. K-Lite toleo 13.8.5 ndilo la mwisho linalokubali XP. Windows 7 inajua AAC na MP3 tangu kiwandani, kwa hiyo humo shida hubaki kwa FLAC, Vorbis na Opus.

Njia ya mkato kwa aliye na haraka: Firefox imekuwa ikicheza Opus tangu toleo la 15, na Firefox 52 ESR bado inakubali XP. Badilisha .opus iwe .ogg, kisha buruta faili ulidondoshe juu ya dirisha la Firefox. Hapa kubadilisha jina kunafaa, kwa sababu Ogg ndilo ganda lake halisi.

Vifurushi vimepigana

Dalili zake: Windows Media Player inajifunga yenyewe, au unafungua tu folda yenye nyimbo na dirisha lote linaganda kabla hujabofya chochote. Windows inapoonyesha folda hujaribu kuchungulia ndani ya mafaili, na ikipita kwa kodeki mbovu inaanguka hapo hapo.

Ondoa vyote kupitia Add or Remove Programs. Vyote, hata kile unachokipenda. Zima, washa, kisha jaribu MP3 ya kawaida. Kama kifurushi kiliondoka na kufumua MP3 nako kukaondoka, huenda usajili wa kodeki ya Windows umevurugika. Kwenye XP nenda Start, Run, uandike:

regsvr32 l3codecx.ax

Ukiona ujumbe wa kufaulu, jaribu tena. Baada ya hapo ndipo uweke kimoja, kama bado unakihitaji.

Sauti inatoka, ila si yenyewe

Kuna aina mbili, na masikio ya mwanakwaya huzitenganisha haraka kuliko yangu.

Ya kwanza: sauti imefifia, kayamba halisikiki, herufi "s" zimemezwa, kana kwamba kwaya imefungiwa ndani ya mtungi. Mara nyingi hiyo ni HE-AAC inayofumuliwa na kodeki ya zamani inayojua AAC ya kawaida tu. HE-AAC hubeba nusu ya chini ya sauti kama ilivyo, na nusu ya juu huibeba kama maelekezo ya kuijenga upya. Kodeki isiyojua maelekezo hayo huyaruka, na kila kilichozidi takriban kHz 11 kinapotea. Hakuna hitilafu itakayotokea kwenye skrini, ndiyo maana watu huilaumu spika. Hapa kodeki mpya kweli ndiyo dawa.

Ya pili: wimbo unakimbia na sauti imepanda, au unaburuta na imeshuka. Kadi nyingi za AC'97, aina ya sauti iliyojengwa ndani ya ubao mama za zamani, hufanya kazi kwa Hz 48,000, na wimbo wa CD una Hz 44,100. Draiva ikishindwa kubadilisha kati ya viwango hivyo, wimbo unakwenda kasi kwa karibu asilimia 9 na kupanda takriban robo tatu ya toni. Soprano wa mwalimu angekimbia kanisani. Tafuta draiva sahihi ya ubao mama wako, kodeki haihusiki.

Inakatakata

Watu husema prosesa ni dhaifu. Kwa Pentium 4 hilo si kweli, maana MP3 zilichezwa vizuri kwenye Pentium za kwanza za MHz 133. Ninachokuta mara kwa mara kwenye XP ni diski iliyoshushwa hadhi. Makosa ya mawasiliano na diski yakijirudia, XP huacha njia ya haraka ya DMA na kurudi kwenye PIO, ambapo prosesa inabeba kila baiti kwa mikono yake. Haikuambii. Kompyuta nzima inakuwa nzito na muziki unakwama kila ukifungua dirisha.

Angalia Device Manager, IDE ATA/ATAPI controllers, Primary IDE Channel, Advanced Settings. Current Transfer Mode ikisema PIO Mode kwa diski, bofya Uninstall kwenye Primary IDE Channel hiyo, kisha zima na kuwasha. Windows itaitambua upya na kurudi DMA. Ikirudi PIO baada ya siku chache, badilisha waya wa diski, na kabla ya hapo nakili picha na nyaraka zako mahali pengine.

Kodeki yenyewe inagoma kuingia

Ukiambiwa faili si programu halali ya Win32, umepakua ya biti 64, au upakuaji ulikatika katikati. Ukitajiwa GetTickCount64 na kernel32.dll, programu hiyo imetengenezwa kwa Vista kwenda mbele, na XP haina kitu hicho. Rudi utafute toleo la zamani.

Ikiwa inajifunga kimyakimya kwenye Pentium III au Athlon XP, shuku SSE2. Prosesa hizo hazina maagizo hayo, na programu nyingi za miaka ya karibuni zinayadai. Hakuna mpangilio wa kubadilisha hapo.

Na kama tovuti haifunguki kabisa ili upakue, tazama saa ya kompyuta. Betri ya CR2032 ikifa, tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na kila tovuti salama inaonekana kuwa na cheti kisicho halali. Internet Explorer 8 ya XP ina shida yake nyingine, haijui usalama wa kisasa wa TLS 1.2. Pakua kwenye kompyuta nyingine, lete kwa flashi. Windows 98 haitambui flashi bila draiva maalumu, kwa hiyo choma CD.

Windows 7 ya mtumba isiyo na kichezeshi

Hii inawapata walionunua kompyuta zilizotoka Ulaya. Kwenye Properties utaona Windows 7 Professional N. Ile N ndiyo siri. Tume ya Ulaya iliibana Microsoft mwaka 2004 itoe Windows isiyo na Media Player, na matoleo ya N ndiyo matokeo. Hukuibiwa. Usihangaike na kodeki moja moja. Unachohitaji ni Media Feature Pack ya toleo hilo kutoka Microsoft, au VLC tu.

Wimbo wenyewe unakuomba upakue kodeki

Unabofya WMA, badala ya muziki kinafunguka kivinjari na tangazo: pakua kodeki hii ili usikilize. Futa faili. Zlob, virusi vilivyosumbua sana kuanzia 2005, vilijifanya kodeki ya video kwa mtindo huohuo. Kodeki halali huitafuti kwa kuelekezwa na wimbo.

Ubuntu ya zamani

Ubuntu, mfumo wa Linux unaotumika badala ya Windows, haikuja na MP3 kwa sababu za hataza. Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyohusika kuibuni MP3, walifunga mpango wao wa leseni ya MP3 Aprili 2017. Amri ni moja:

sudo apt-get install ubuntu-restricted-extras

Katikati itatokea skrini yenye masharti ya fonti za Microsoft, na watu hukwama hapo wakibonyeza Enter bila mafanikio. Bonyeza Tab kwanza ili Ok iwake, kisha Enter.

Ukipata kosa la 404 (faili halikupatikana) kila mstari, toleo lako limestaafishwa na mafaili yake yamehamishwa. Fungua /etc/apt/sources.list, na kila palipo na archive.ubuntu.com au security.ubuntu.com weka old-releases.ubuntu.com. Kama mbele yake kuna tz. au ke., ondoa pia. Kisha sudo apt-get update, na urudie amri ya juu.

Visivyo na kodeki duniani

Faili la .m4p lililonunuliwa iTunes kabla ya Apple kuondoa kufuli kwenye muziki mwaka 2009, na WMA yenye leseni, havihitaji kodeki bali ufunguo wa mnunuzi. Ninawaambia wateja hivyo kabla sijachukua hela.

Kompyuta ya mwalimu ilikuwa na Service Pack 2, haina intaneti, na diski ina nafasi finyu. VLC 3.0 ingehitaji Service Pack 3 kwanza. Niliondoa vifurushi vyote vinne, nikachukua yale mafaili 43 kwenye kompyuta yangu na kuyageuza kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha aina za sauti kwa amri za kuandika, moja moja kwa mtindo huu:

ffmpeg -i zoezi01.opus -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k zoezi01.mp3

Nililirudishia kila faili jina lake la .opus kwanza ili matoleo mawili yasichanganyike. Kbps 64 za mono zinatosha kwa sauti iliyorekodiwa kwa simu, na dakika moja haifiki hata nusu MB. Windows Media Player ileile ikazicheza bila kodeki yoyote mpya. Mwalimu alisikiliza zoezi la kwanza hadi mwisho, akaniomba nirudishe nyuma sekunde kumi, kisha akasema, "Wamekosea tena."